Uzi wa Mshale

Jioni moja nilimkuta Mzee, fundi wa redio, barazani kwake, mtaa wa Mji Mpya, ameshika uzi kwa meno. Mbele yake palikuwa na redio ya National ya bendi tatu, imevuliwa kava, tumbo wazi. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kufungua meno, maana uzi ungemponyoka. Nikavuta kigoda nikakaa.

Uzi ule ndio unaouvuta mshale. Ukizungusha kitufe cha kutafutia stesheni, uzi huzunguka gurudumu la kapasita, hupita kwenye vigurudumu vidogo vya pembeni na kuuburuta mshale mwekundu mbele ya kioo chenye namba, huku springi ndogo ikiukaza usilegee. Kusimulia ni rahisi. Ukiupitisha upande usio wake, mshale unakwenda kulia wakati wewe unataka kushoto. Ukiukaza mno, hauchukui wiki unakatika. Ukilegea, kitufe kinazunguka bure. Nailoni ya kuvulia samaki huteleza, kwa hiyo Mzee alitumia uzi uliosokotwa, akausugua kwa unga wa utomvu mkavu wa msonobari, ule ule anaochovyea ncha ya chuma cha kuchomelea ili risasi ishike. Kwenye risasi utomvu husafisha, kwenye uzi huzuia kuteleza. Hilo sikulisoma popote. Nililiona vidoleni mwake, na harufu yake ikinijia puani hata leo namkumbuka baba na redio yetu.

Nilikulia Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru. Redio yetu ilikaa juu ya meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama. Watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Baba aliizungusha kwa vidole viwili tu, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto, mpaka sauti ya Dar es Salaam itoke kwenye mchakacho. Majirani walikuja kusikiliza salamu, mpira na matangazo ya vifo. Sisi watoto tulingoja kipindi cha Mama na Mwana. Betri zikianza kuchoka tuliziweka juu ya bati pamoja na mihogo, zikaanikwa mchana kutwa, na usiku zikatupa saa moja au mbili za ziada.

Siku uzi ulipokatika, redio ilipelekwa mjini ndani ya kapu, juu yake ndizi za kumpa fundi. Ilikaa huko wiki mbili. Mama hakukiondoa kitambaa. Alikitandaza pale pale juu ya meza tupu. Jioni watu walipita, wakachungulia, wakauliza, "Bado?" Baba akajibu, "Bado." Siku iliporudi, aliuzungusha mshale toka mwanzo wa kioo hadi mwisho, akaurudisha, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu. Nadhani siku ile ndiyo niliyotamani kujua ndani mle mna nini.

Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Tunapoisimulia kampeni ile tunawataja viongozi na watangazaji. Fundi hatumtaji. Lakini redio ya kikundi ikizimika, kijiji kizima kimekosa somo, na aliyekirudisha darasani alikuwa mtu kama Mzee. Ndivyo ilivyo hata kwa muziki wetu: tunamlilia Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 katika ajali ya gari nchini Kenya, na tuna haki ya kumlilia. Lakini sauti ya gitaa lake ilivuka milima kwa redio zilizopita mikononi mwa mafundi hawa.

Kutoka uani kwangu nakiona kilele cha Bondwa na minara yake. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja. Yakikutana na mlima, aliye nyuma yake amekosa. Masafa ya kati hutambaa na ardhi, na usiku hurudishwa na anga hadi mbali sana. Ndiyo maana redio ya baba iliisikia Dar es Salaam kutoka bondeni. Leo nimewaona vijana wakipanda kilimani na simu mkononi, wakitafuta mtandao.

Mchana naenda kazini kama wengine. Usiku mke wangu ameniachia meza moja ya ufundi: bisibisi, testa, mkebe wa maziwa uliojaa skrubu, mabaki ya feni, chaja na rimoti za mtaa mzima. Vingi vinaletwa vikiwa vimekwisha kuhukumiwa. "Bei ya kutengeneza na bei ya kununua ni moja, tupa tu," ndilo jibu la dukani. Redio nyingi za siku hizi hazina uzi wala mshale. Nyingine zimegandishwa kwa gundi, na betri yake ikivimba huwezi kuifikia bila kuvunja kava. Nasema wazi: kifaa kilichofungwa ili kisifunguliwe kamwe kinamdharau aliyekinunua. Na sisi tumeizoea dharau hiyo. Tunatupa, jalala linachomwa moto, watoto wanachambua nyaya za shaba kwenye moshi mweusi wa plastiki.

Jioni ile barazani, Mzee alifika kwenye springi akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, hebu nishikie hapa. Siioni ndoano."

Nikaushika uzi. Mara tatu uliniponyoka, naye hakunikaripia, alingoja tu. Mara ya nne springi iliingia. Mzee akazungusha kitufe, mshale ukajongea laini, bila kushtuka, ukavuka namba zote. Tulikuwa hatujaweka hata betri.

Nilimuuliza nani anayejifunza kwake sasa. Akasema wa mwisho aliondoka kwenda kuuza kava za simu Msamvu, na kule anapata riziki yake, hamlaumu. Akakunja uzi uliobaki, mikono miwili hivi, akautia kwenye kibati cha dawa.

Basi nakuomba, msomaji. Kama redio ya marehemu baba yako iko juu ya kabati, usiitupe wala usimpe mtoto aichezee. Toa betri leo, kwa sababu zikivuja zitakula vyuma. Kisha mtafute fundi wa mtaani kwako angali na macho.