Fatwa ya Dublin na Nyumba za Geita

Ikitajwa mikopo ya nyumba huku kwetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, hakosi mtu wa kusema: "Mbona wanazuoni wamekwisha kuruhusu?" Anakusudia fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoongozwa wakati huo na Sheikh Yusuf al-Qaradawi, iliyotolewa Dublin Oktoba 1999. Fatwa hiyo ipo. Lakini wengi wanaoitaja hawajaisoma.

Baraza lenyewe lilithibitisha kuwa riba ya benki ni haramu, na likawahimiza Waislamu watafute kwanza njia mbadala kama murabaha. Zikikosekana, ndipo likamruhusu anayeishi Ulaya kununua nyumba kwa mkopo wa riba, kwa masharti: iwe ya kukaa yeye na watu wake, asiwe na nyingine, wala asiwe na mali ya ziada ya kumpatia nyumba kwa njia nyingine. Basi anayekopa ili ajenge vyumba vya kuwapangisha wafanyakazi wa mgodini, au gesti pale Katoro, fatwa hii haimhusu hata chembe.

Ama dalili zake, ya kwanza ni kanuni kuwa haja huweza kushuka daraja la dharura. Kanuni ni sahihi, ila haja hupimwa mahali ilipo. Mtu wa London hawezi kununua kiwanja, akafyatua tofali kidogo kidogo, akahamia kabla ya kupiga lipu. Huku ndivyo wengi tunavyojenga: mwaka huu msingi, mwakani kuta, bati likipatikana mtu anahamia. Na mchimbaji mdogo hana mshahara wa mwezi. Leo kapata, kisha miezi mitatu haoni hata gramu. Marejesho ya kila mwezi, na hati ya nyumba iko rehani, yanamwondolea shida ipi?

Dalili ya pili ni kauli ya Abu Hanifa na Muhammad bin al-Hasan juu ya miamala katika dar al-harb. Jumhuri, akiwemo Imamu wetu ash-Shafi'i, wameikataa. Naye Ibn al-Humam, Mhanafi mwenyewe, ameeleza kuwa inakusudiwa pale Mwislamu anapopokea ziada. Mkopaji wetu anaitoa!

Njia mbadala nazo zisipokewe kwa majina tu. Amana Bank ilianza 2011, na CRDB ikafungua huduma ya Al Barakah 2021. Baraza la Fiqhi la Jeddah, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliijuzisha murabaha pale muuzaji anapokuwa ameimiliki bidhaa na kubeba hasara yake kabla ya kuikabidhi. Muulize afisa: nyumba ikiungua kabla sijakabidhiwa, hasara ni ya nani? Akisema ni yako, hapo hakuna mauzo.

Kwa mwenye kipato cha kupanda na kushuka, naona musharaka ya kupungua inafaa zaidi. Baraza hilo liliipitisha Muscat mwaka 2004, kwa sharti kwamba mteja asifungwe tangu mwanzo kununua hisa ya benki kwa thamani yake ya awali. Bei iwe ya soko siku ya kuuziana, au watakayoafikiana siku hiyo.