Land Rover 109 ya Masama: kwa nini kazi ilianzia kwenye chesisi

Ukiingia gereji ya Moshi au Arusha ukasema una Land Rover 109 ya zamani unayotaka kuifufua, utaulizwa kwanza habari za injini. Unataka kuwekewa TDI ya Land Rover, au ya Kijapani? Bei itatajwa, mtaelewana, na baada ya muda gari litatoka lina rangi mpya na mngurumo mzuri. Halafu masika mawili matatu yatapita, na siku moja mlango wa dereva utagoma kufunga kwa sababu gari limeanza kukatika katikati. Magari ya namna hiyo nimeyaona ya kutosha wilayani Hai. Ndiyo maana kazi niliyoifuatilia Masama, wilayani humo humo, ilinivutia: ilipangwa kinyume na mazoea, ikafanyika nyumbani, katikati ya migomba, na kufaulu kwake kulitokana na mpangilio huo kuliko kitu kingine chochote.

Gari lenyewe ni Series III ya dizeli. Toleo hilo lilitengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, na namba 109 ni urefu wa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani kama sentimita 277. Ndiyo Land Rover ambayo watu wa rika langu waliiona ikileta dawa, ikibeba maofisa na kuvuta magari yaliyozama kwenye tope. Kenya nayo iliziunganisha Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Nyingi za Tanzania zilimaliza utumishi wake wa umma kwenye mnada, na hii ya Masama ilifika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kwa njia hiyo, ikafanya kazi miaka mingi ya kahawa na ndizi, kisha ikaegeshwa chini ya mringaringa. Oktoba 2024, mamia ya Land Rover zilipokusanyika Arusha kwa tamasha lake, wengi walipiga picha. Kwa mwenye gari kuukuu nyumbani, tamasha lile lilikuwa na ujumbe wa manufaa zaidi: magari haya bado yanatembea, kwa hiyo spea zake zipo na mafundi wanaoyajua wapo.

Kinachofanya 109 ifufulike nyumbani ni namna ilivyoundwa. Magari mengi ya leo bodi na fremu ni kitu kimoja kilichochomelewa kiwandani. Hii ina chesisi ya chuma kama ngazi, na juu yake bodi ya aluminiamu iliyofungwa kwa bolti, kipande kwa kipande. Paa linatoka, milango inatoka, bawa la mbele linatoka kwa spana za kawaida na mafuta ya kulainisha kutu. Hata giaboksi haihitaji shimo la kuingilia chini ya gari. Unatoa kiti, sanduku la viti na mabati ya sakafu, unaiinua kwa cheni bloku na kuipitisha mlangoni. Pale Masama cheni bloku ilining'inizwa kwenye magogo matatu yaliyofungwa pamoja juu na kukitwa ardhini, na vijana watatu wakaielekeza kwa mikono.

Mvutano ulitokea juu ya wapi pa kuanzia. Mwenye gari, mzee wa makamo ambaye amelipenda gari hili kwa dhati, alitaka kusikia injini ikiwaka kabla ya kutoa hela ya kitu kingine.

"Mzee wangu," fundi aliyeshika kazi hiyo akamwambia, "injini naweza kukuwashia leo. Lakini utaifunga kwenye nini?"

Akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti iliyokufa, na mahali pengine nyundo ilizama. Ni kipimo rahisi na cha kweli kuliko macho, kwa sababu chesisi ya 109 ni boksi: mabati manne ya unene wa milimita 2 hivi yaliyochomelewa kwenye kona. Huku kwetu hatuna chumvi ya barabarani kama Ulaya, na wengi hudhani basi hatuna kutu. Tunao udongo mwekundu wa mlimani. Unaingia kwenye matundu ya boksi ukiwa tope, unakaa ndani, unashika unyevu wiki nyingi baada ya mvua kukatika, na chuma kinaliwa kutokea ndani huku nje rangi ikiwa nzima. Ukipiga rangi juu ya chesisi ya namna hiyo unauficha ugonjwa.

Sehemu zilizooza zilikuwa zile zile zinazooza kwenye karibu kila gari la aina hii: boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayoshika ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, na mahali springi za nyuma zinapoanzia. Mbele palikuwa pazima, na hiyo ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu namba ya chesisi imegongwa mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Fundi asiyejua akikikata kipande hicho na kukitupa kwenye vyuma chakavu, mwenye gari atakuwa na kazi nzito ya kuieleza mamlaka ya mapato, TRA, gari lake ni lipi.

Kabla ya kukata chochote walipima. Masama ni mteremko mtupu, hakuna uwanja ulio sawa wa kuegesha chesisi, na chesisi ikichomelewa ikiwa imepinda itabaki imepinda maisha yake yote. Suluhisho lilitoka kwa mwashi jirani: mpira wa maji, ule ule wanaosawazishia msingi wa nyumba. Stendi nne zilipangwa, mawe na vibao vikaongezwa chini yake mpaka maji yakakaa usawa mmoja pembe zote. Kisha futi ikavutwa kwa mshazari, kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na mshazari wa pili ukafuata. Mishazari miwili ikilingana, chesisi iko sawa. Walipima kabla, wakapima kila baada ya kiraka. Nadhani kipande hiki cha kazi, cha mpira wa maji na futi, kina thamani kuliko vifaa vingi vya gereji kubwa, kwa sababu vilitumiwa na watu waliojua wanatafuta nini.

Kuchomelea kwenyewe kulikuwa na sheria mbili. Kwanza, usikibandike kiraka juu ya kutu. Kata mpaka ufike chuma kinachong'aa, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Pili, usiikate reli kwa mstari wima mmoja, maana mstari huo ndio utakaokatika siku gari litakapobeba mzigo. Kata kwa mshazari, ili nguvu igawanyike kwenye urefu wa mchomeleo. Walitumia mashine ndogo ya umeme wa nyumbani na vijiti vya milimita 2.5, wakichoma vipande vifupi na kuhama upande ili joto lisiikunje reli. Walichoma asubuhi. Jioni, kila nyumba inapowasha taa na pasi, umeme hushuka, na mchomeleo wa umeme mdogo hukaa juu ya chuma bila kuzama ndani yake. Kwa macho unaonekana mzuri, na ni wa hatari.

Matundu ya chini yakazibuliwa ili maji yapate pa kutokea, na ndani ya boksi ikapulizwa nta iliyoyeyushwa kwenye mafuta. Mafundi wengi hutumia oili chafu kwa kazi hii. Sipingi kwamba inazuia kutu, lakini kihamba cha Masama kina mfereji unaokwenda kwa jirani wa chini, na jirani huyo ana mboga na ng'ombe. Oili chafu na mafuta ya breki vilikusanywa kwenye madumu tangu siku ya kwanza. Fundi asiyejali hilo mimi nisingemruhusu aingie kihambani.

Tatizo la pili kwa ukubwa halisemwi sana: ndoa ya aluminiamu na chuma. Watu husema bodi ya Land Rover haishiki kutu, na ni kweli haishiki kutu nyekundu. Lakini metali hizo mbili zikigusana mahali penye unyevu hufanya kazi ya betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Inageuka unga mweupe. Ukifungua bolti za bodi ya nyuma utaukuta unga huo kwenye kila kiungo. Dawa ni kuzitenganisha: praima pande zote mbili, na katikati mkanda wa mpira. Mikanda ya Masama ilikatwa kwenye tyubu za matairi ya lori. Bolti zote zikapakwa grisi kabla ya kuingia.

Mabati yaliyobonyea yaligongwa kwa nyundo ya mbao juu ya gunia la mchanga. Aluminiamu ya gari hili hukomaa kwa kupigwa, na ukiendelea kuipiga inapasuka. Kuilainisha kuna ujuzi mzuri wa zamani: paka sabuni ya mche juu ya bati, pitisha moto wa gesi taratibu, na sabuni ikigeuka nyeusi acha, bati limefika joto lake. Ukizidisha linayeyuka bila kukuonya, maana aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya. Palipooza kabisa palikatwa, kipande kipya kikafungwa kwa riveti, kwa kuwa mashine ya kawaida ya kuchomelea haichomi aluminiamu.

Springi zilifunguliwa jani kwa jani, zikasuguliwa na kupakwa grisi. Kwenye 109 springi za upande wa dereva ni ngumu kuliko za upande wa pili, na zikibadilishana gari hulala upande mmoja, kisha mtu anatafuta kosa kwenye chesisi. Bushi zikawa mpya, na bolti zake hazikukazwa mpaka gari lilipokaa kwenye magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya stendi, mpira wa bushi unajinyonga uzito ukishuka na kupasuka mapema.

Breki za gari hili ni ngoma magurudumu yote manne, na za mbele zina silinda mbili kila upande. Kutoa upepo humo kumewashinda mafundi wengi. Njia iliyofanya kazi ni kuzikaza kwanza breki mpaka zishike ngoma kabisa, ili silinda zibaki na nafasi ndogo ya kuhifadhi hewa, ndipo utoe upepo na kuzilegeza baadaye. Vumbi la breki za zamani halikupulizwa. Lililoweshwa na kufutwa kwa kitambaa, kwa sababu breki za miaka ile zilikuwa na asbesto, na asbesto huua mapafu.

Sasa injini. Ni ya sentimita za ujazo 2,286, nguvu farasi 62 tu, na kwa kuwa haina tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Ukifika mita 1,200 huko juu unabaki na farasi kama 55. Ninaelewa kabisa kwa nini watu wanatamani TDI ya farasi 111. Lakini giaboksi na mihimili ya ekseli za Series havikutengenezwa kwa nguvu hiyo, na anayeongeza injini bila kuvigusa atavibadilisha kimoja kimoja porini. Hii ilizungushwa kwa mkono kwanza baada ya silinda kulowekwa mafuta siku kadhaa. Ikazunguka. Krenki ilipimwa ikawa salama, hedi ikapelekwa mjini kukwanguliwa, na pampu ya dizeli na nozeli zikaenda kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, kwa sababu pampu si kitu cha kufungulia juu ya meza ya chakula. Bolti za hedi zikakazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Valvu zikawekwa milimita 0.25. Kwa gari la kubeba ndizi na familia, kuibakiza injini hii ulikuwa uamuzi sahihi.

Upande wa umeme kuna jambo moja la kusema. Taa hafifu za Land Rover nyingi hazisababishwi na alteneta. Ethi, njia ya umeme ya kurudi betri, hupita kwenye bodi, na bodi ina ule unga mweupe kwenye viungo vyake. Waya mmoja mnene ulivutwa kutoka betri hadi kila taa na hadi chesisi, na shida ikaisha. Rangi ilikuja mwisho, juu ya praima maalumu ya aluminiamu, bila hiyo ingebanduka kama ganda.

Safari ya majaribio ilishuka hadi Kwa Sadala na kupanda tena, na mwenye gari akapewa onyo moja kuhusu fo-wili. 109 haina difu ya katikati. Kwenye tope magurudumu huteleza na kujirekebisha yenyewe, lakini kwenye lami hayawezi, na mihimili hujikaza mpaka kitu kivunjike. Kishikio cha njano kibonyezwe kwenye utelezi tu, na lami ikianza fo-wili itolewe. Baada ya kilomita mia chache za mwanzo gari lilirudishwa chini ya cheni bloku: U-bolti za springi zikakazwa upya, bolti za hedi na valvu zikakaguliwa, na futi ikavutwa tena kwa mshazari kwenye chesisi. Vipimo viwili vililingana.