Hongereni, Walimu wa Chekechea

Mvua ikikatika, mwalimu wa chekechea huwatoa watoto nje na kufukua udongo chini ya mgomba. Nyungunyungu anajinyonganyonga kiganjani mwa mtoto. Kiganja kimeloweshwa kwanza, maana kiumbe huyu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Hana macho wala masikio, lakini hula majani yaliyooza akatoa mbolea, na vijishimo vyake hupitisha maji na hewa hadi mizizini. Mwanasayansi Charles Darwin aliandika kitabu kizima kumhusu, mwaka 1881! Mtoto aliyezoea kumkanyaga nyungunyungu sasa anamrudisha udongoni taratibu, anamfunika. Walimu hawa nawavulia kofia. Nawe mzazi, mwanao akirudi na matope kwenye kucha, usimgombeze. Muulize ameona nini.