Ampli mia ndani ya kisanduku kimoja, na Likasi inataka moja tu

Tazama kisanduku chochote cha modela ya gitaa kabla hakijafunguliwa. Kinachotangulia ni hesabu: ampli kadhaa, efekti zaidi ya mia, nafasi tele za kuhifadhi sauti zako mwenyewe. Hesabu hiyo ndiyo inayouza. Kwa mpiga gitaa wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, ndiyo hesabu isiyo na kazi kuliko zote. Nitaeleza kwa nini, kisha nitasema ni kifaa gani ningemshauri anunue mtu anayepiga mi-solo, gitaa la katikati la bendi za Kongo, kwenye harusi Panda siku ya Jumamosi na kanisani Kikula Jumapili asubuhi.

Modela ni kompyuta ndogo yenye swichi za kukanyaga. Ishara ya gitaa inaingia, inageuzwa kuwa namba mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, hesabu zinafanywa ili namba hizo zifanane na kile ambacho ampli fulani ingekitoa, halafu zinarudishwa kuwa sauti. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6 wakafuata na POD mwaka 1998, kile kidubwasha chekundu chenye umbo la haragwe kilichoenea studio nyingi duniani. Fractal Audio wakaja na Axe-Fx mwaka 2006, Wajerumani wa Kemper wakaleta mashine inayopima ampli halisi na kutunza wasifu wake, Line 6 wakatoa Helix mwaka 2015, na Neural DSP wa Finland wakaingiza mitandao ya neva ya kompyuta katika Quad Cortex.

Mbio zote hizo za zaidi ya miaka 20 zilikuwa za nini? Zilikuwa za mpasuko. Ampli ya valvu ikisukumwa kupita kiasi hulipinda wimbi la sauti, na namna inavyolipinda hubadilika kila unapokaza au kulegeza mkono, kila noti inapofifia, hata umeme wa ndani unapolegea kidogo chini ya mzigo. Kukokotoa hayo bila kuzaa kelele ngeni ni kazi ngumu kwelikweli, na ndiyo iliyokula fedha na akili za wahandisi. Sauti safi haina mzigo huo. Ukiongeza nguvu ya mkono maradufu, sauti huongezeka karibu maradufu; kinachobaki ni rangi ya besi, kati na juu. POD ya mwaka 1998 ilikwishalimudu jambo hilo vizuri.

Sasa turudi Likasi, maana hapa ndipo hoja inapokaa. Mwaka 1952, mji huu ukiitwa bado Jadotville (jina la Likasi lilirudi mwaka 1966), mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapa kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, Mwenda Jean-Bosco, ambaye wengi walikuja kumjua kama Mwenda wa Bayeke. Wimbo wa "Masanga" ulitoka kwenye kazi hiyo. Gitaa halikuwa na waya wala ampli. Kidole gumba kilitembeza besi na kidole cha shahada kikapiga juu, vidole viwili tu, na bado msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika noti za upigaji huo na kuzichambua mapema katika miaka ya 1960. Anayezisoma huku akisikiliza rekodi ataona kwamba utamu wake mwingi uko katika tofauti ya uzito kati ya vidole hivyo viwili: noti ya gumba inasukuma, ya shahada inajibu, na hakuna inayoifunika nyingine.

Gitaa la umeme lilipoenea, bendi za Kongo ziligawa kazi hiyo: solo juu, mi-solo katikati, ridhimu na besi chini. Mgawanyo ulibadilika, usafi wa sauti ukabaki. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambamo magitaa hutawala na watu hucheza, haipigwi kwa mpasuko. Magitaa matatu yakipiga mizunguko mitatu tofauti kwa wakati mmoja, kila noti lazima iwe na mwanzo unaosikika, na mpasuko huanza kwa kuufuta mwanzo huo. Kwa hiyo mpiga gitaa wa huku anayelipia mashine ya dola 1,500, bei ambayo Helix ilitokea nayo, analipia zaidi kile asichokitumia.

Basi apime nini? Muitikio wa vidole, kabla ya kitu kingine chochote. Zima efekti zote. Chagua ampli safi moja. Karibu kila modela ina nakala ya Fender Twin Reverb au ya Roland JC-120. Weka sauti ya kiwango cha kuongea. Piga uzi wa besi kwa gumba, polepole kabisa, halafu kwa nguvu zako zote, bila kugusa kitufe. Modela nzuri itakupa hatua nyingi kati ya noti hizo mbili. Mbaya itakupa mbili tu, ndogo na kubwa, au itapasuka kwenye pigo la nguvu. Ikipasuka usiilaumu haraka: punguza kiwango cha kuingilia, maana mara nyingi gitaa lenye pikapu kali ndilo linalojaza mlango. Kisha piga mzunguko wa vidole viwili, taratibu, na usikilize kama shahada inabaki hai wakati gumba linasukuma.

Baada ya hapo, acha noti moja ife yenyewe. Usiiguse. Kama mkia wake unakatika ghafla kana kwamba mtu ameweka mkono juu ya uzi, kuna kizuia kelele kimewashwa ndani ya sauti ya kiwandani. Karibu zote huja hivyo, kwa sababu zilitengenezwa kuwavutia vijana wa roki dukani. Kizime, au kishushe mpaka mkia urudi. Kompresa nayo iwe kidogo tu: ikizidi, uzito wa gumba na wa shahada unakuwa mmoja, na hapo umemuua Mwenda kwa mikono yako.

Kitu cha pili ni kasha la spika, na hapa ndipo mafundi mitambo wengi wanapogombana na wapiga gitaa bila kujua chanzo. Spika ya gitaa ya inchi 12 haifiki mbali juu. Kuanzia kama hezi 5,000 inanyamaza haraka. Modela huiga unyamavu huo kwa kutumia alama ya spika iliyopimwa kwa maikrofoni. Ukiipeleka modela kwenye mikisa na spika za ukumbi, alama hiyo iwe imewashwa; bila hiyo sauti yenye mpasuko huwa kama mbu kwenye kopo. Ukiipeleka kwenye ampli ya gitaa, ambayo tayari ina spika ya gitaa, izime, la sivyo sauti inachujwa mara mbili na kuwa na blanketi juu yake. Boss GT-1 ina sehemu kwenye menyu ambapo unaiambia umechomeka wapi, na nashangaa ni wangapi hawajawahi kuifungua.

Ila sheria hiyo ina mwanya, na ni mwanya wa Katanga hasa. Ule mng'ao wa gitaa kavu la 1952 uko juu ya hezi 5,000, mahali ambapo spika ya gitaa la umeme imekwishanyamaza. Anayetaka upigaji wa vidole viwili usikike hivyo kupitia mikisa, aiache ampli nje ya mnyororo kabisa pamoja na spika yake ya kuigiza, abaki na kompresa nyepesi na riveba fupi. Kwa sauti safi hakuna mbu. Ni dawa rahisi, na hata modela ya bei ya chini kabisa inaiweza.

Korasi inahitaji neno moja. JC-120 ya mwaka 1975 ilipata upana wake kwa kuwa na ampli mbili na spika mbili: moja inatoa sauti kavu, nyingine sauti inayoyumba, na zote mbili zikakutana hewani. Kanisa lenye spika zinazotoa njia moja tu halina hewa hiyo. Zote mbili zinakutana ndani ya waya na mawimbi yanaanza kulana. Punguza kina cha korasi hadi nusu ya ulichokizoea nyumbani kwenye vipokea sauti, na mi-solo yako itarudi mbele.

Mwangwi ni hesabu tu. Gawanya 60,000 kwa mwendo wa wimbo upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Sebene ya mapigo 130 kwa dakika ina pigo la milisekunde kama 461. Robo tatu yake ni 346. Weka marudio moja au mawili, kwa sauti ya chini.

Umeme sasa. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1930, na Koni iko jirani yake. Vituo hivyo vilijengwa kwa ajili ya migodi, na mitaani kila mtu anajua taa huzimika saa gani. Anayenunua kifaa cha muziki Likasi bila kuuliza kinakula umeme gani anajitafutia aibu katikati ya wimbo. Hapa ndipo mashine kubwa zinaposhindwa. HX Stomp ya Line 6, ya mwaka 2018, ni ndogo mkononi, lakini inadai volti 9 na ampea 3, mzigo mkubwa kuliko unavyodhani ukiitazama. Quad Cortex inadai volti 12 kwa ampea hizohizo. Bila inveta nzuri, hizo si za huku.

Zoom G1 Four inatumia betri nne ndogo za AA, na kampuni inahesabu saa 18 hivi kwa betri za alkali. GT-1 nayo inatumia betri nne, ila inazila haraka zaidi, saa 7 hivi. G1 Four inakubali pia umeme wa USB, maana yake pawabenki ileile ya simu inamaliza harusi nzima. Faida nyingine inakuja bila kutarajiwa: ukiwa kwenye betri, mngurumo wa jenereta na wa nyaya mbovu za ukumbi hauna njia ya kupitia adapta.

Kwa anayetumia adapta, asome kibandiko chake kabla ya kulipa. Kiwe kimeandikwa INPUT 100–240V; yenye 120V peke yake imetoka soko la Marekani na itaungua kwenye volti 220 zetu siku ya kwanza. Atazame pia ule mchoro mdogo wa duara: pedali za Boss na Zoom zinataka hasi katikati. Adapta ya redio yenye volti 9 na chanya katikati inaingia kwenye tundu bila shida, na hilo ndilo tatizo.

Wapo watakaouliza kuhusu kompyuta. Neural Amp Modeler, programu ya bure ambayo Steven Atkinson aliiacha wazi kwa watu wote, inaiga ampli kwa ubora unaoweza kushindana na mashine za bei kubwa. Nyumbani na studio naipendekeza bila wasiwasi. Jukwaani kuna suala la kuchelewa. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Modela yenye milisekunde mbili au tatu ni sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye ampli yako, hakuna anayeisikia. Kompyuta iliyopangwa vibaya ikichelewa milisekunde 20 imekuweka karibu mita saba, na mi-solo haipigwi kutoka mita saba.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa harusi, kanisa na mazoezi, G1 Four inatosha: inaendesha efekti tano kwa pamoja, na kompresa, ampli, korasi, mwangwi na riveba ni tano kamili. Ilipotoka ilikuwa chini ya dola 100. Udhaifu wake ni tundu moja tu la kutolea sauti, la jeki ya kawaida, kwa hiyo waya ukizidi mita sita hivi tafuta kisanduku cha DI kabla ya mikisa. GT-1 ni bora kwa anayehitaji pedali ya kuongeza na kupunguza sauti kwa mguu, mradi awe na akiba ya betri. Anayepiga nyimbo za sifa za mtindo mpya, zenye riveba ndefu zinazopaa na miangwi miwili mmoja juu ya mwingine, huyo ana sababu halali ya kutafuta HX Stomp, na inveta anunue kwanza.

Ukienda Lubumbashi kununua, kilomita kama 120, nenda na gitaa lako mwenyewe, kebo yako na betri nne mpya. Muuzaji akikukatalia kujaribu kifaa kwa betri, nenda duka linalofuata.