Udongo na Fumbo Lake

Mwaka 2022, huko San Casciano dei Bagni nchini Italia, matope ya chemchemi ya moto yalitoa zaidi ya sanamu 20 za shaba nyeusi, za wanawake na wanaume, zilizowekwa kwa nadhiri yapata miaka 2,000 iliyopita. Mwenye haja kafa, haja yake ingali imesimama. Ndiyo sifa ya shaba.

Huku kwetu, mtu akivuka Tunduma kuingia Nakonde, kisha akashika njia ya Ubemba, atakuta wanawake waliochagua kinyume. Katika chisungu, unyago wao, nachimbusa (pwani tungemwita kungwi) huongoza ufinyanzi wa mbusa: nyoka, nyumba, umbo la mwanamke. Vidogo huchomwa vikawekwa. Vikubwa hubaki vibichi, na shughuli ikiisha huvunjwa. Kinachobaki ni wimbo.

Audrey Richards aliishuhudia shughuli hiyo mwaka 1931, akatoa kitabu chake, Chisungu, mwaka 1956. Ubora wa kitabu hicho ni kwamba hakitenganishi umbo na wimbo wake, wala hakidai kila wimbo una maana moja. Mwari huambiwa kidogo. Bibi wa makamo hujua zaidi. Ajuza hujua la ndani. Padri Jean-Jacques Corbeil naye alikusanya mbusa nyingi, zikawa hazina ya Makumbusho ya Moto Moto, Mbala. Shukurani anastahili. Lakini kitu cha unyago kikitiwa kabatini bila sauti, ni sawa na shairi lililobakiwa na vina tu.

Hapa ndipo mfasiri anapobanwa. Mbusa tuiiteje kwa Kiswahili? Tukisema "sanamu", sikio la pwani litasikia ibada ya masanamu, jambo lisilokuwapo. Tukisema "mwanasesere", tumemgeuza nachimbusa mchezaji. Neno lililo karibu, kwa rai yangu, ni "fumbo". Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mbusa nayo hufumbwa leo, ikaganguliwa baada ya ndoa, uzazi na misiba.

Wazanzibari waliomsikia Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, watalifahamu hili upesi. Ngoma zake za unyago zinaweza kuwekwa rafuni. Ujuzi wa nani aimbiwe nini, na lini, hauwekeki. Shaba hujilinda yenyewe. Udongo humtegemea mwanamke anayekumbuka wimbo, naye akiondoka bila mwanafunzi, fumbo huondoka naye.