Mficha Maradhi: Huzuni ya Mtafiti katika Return to Laughter

Riwaya ya Return to Laughter ilichapishwa mwaka 1954 kwa jina la Elenore Smith Bowen. Jina hilo ni la kubuni. Mtunzi wake ni Laura Bohannan, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti wa nyanjani miongoni mwa Wativ wa Nijeria. Kwa muda mrefu riwaya hii imesomeshwa kama utangulizi wa maisha ya mtafiti ugenini. Makala haya yanashikilia kwamba umuhimu wake mkubwa umo katika fani iliyoteuliwa: mambo yaliyomuumiza mtafiti hayakupata nafasi katika ripoti ya kitaaluma, yakatafuta stara katika bunilizi.

Usimulizi ni wa nafsi ya kwanza. Msimulizi anafika kijijini akiamini kwamba mtafiti hutazama tu na kuandika. Imani hiyo inabomolewa hatua kwa hatua. Amara, rafiki yake, anafariki katika uzazi, naye hana la kufanya. Kisha ndui inaingia, tuhuma za uchawi zinazidi, na jirani anamwogopa jirani. Daftari la mtafiti halimkingi tena. Kila anachokiandika kinamuuliza yeye ni nani mbele ya wanaokufa.

Mwishoni wanakijiji walionusurika wanakusanyika usiku, wanatambiana hadithi na kucheka. Hapa ndipo riwaya inapolegea. Kicheko hicho ni cha wafiwa wenyewe, waliozika na watakaobaki. Msimulizi anakiazima ili afunge kisa chake, ilhali yeye ni mtu wa kuondoka. Huzuni yake imepewa hitimisho kabla haijatatuliwa.

Yafaa kumlinganisha na Renato Rosaldo, aliyewatafiti Wailongot wa Ufilipino. Wazee walimweleza kwamba ghadhabu itokanayo na msiba ndiyo iliyowasukuma kukata vichwa vya watu. Kwa miaka mingi aliliona jibu hilo kuwa jepesi mno. Mwaka 1981 mkewe, Michelle, ambaye pia alikuwa mtafiti, aliteleza akaanguka gengeni huko Ufilipino na kufariki. Rosaldo akaijua ghadhabu ile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika Culture and Truth (1989) aliuingiza msiba wake ndani ya hoja ya kitaaluma, kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2014 akaurudia kwa ushairi katika The Day of Shelly's Death. Alichokificha Bohannan, Rosaldo alikifanya kuwa chombo cha maarifa.

Suala hili linaigusa pia idara ya fasihi. Mwanafunzi anayekusanya simulizi za waathiriwa wa ghasia za uchaguzi wa Kenya za 2007 na 2008 husikiliza kifo baada ya kifo, kisha huzirudia sauti hizo katika kunukuu na kutafsiri. Sura ya mbinu za utafiti ikitaja idadi ya wasimulizi na aina ya kinasasauti pekee, imeficha sehemu ya ushahidi: swali ambalo hakuuliza kwa kuhofu jibu, kanda aliyoizima kabla ya wakati.

Hata hivyo, kuna mpaka. Mwenye msiba ni mfiwa. Mtafiti ni mjumbe aliyeukuta matanga yakiendelea. Riwaya ya Bohannan inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mjumbe naye huumia, na kwamba maumivu yake hayampi haki ya kumaliza matanga ya wenyewe.