Nahodha Anayetazama Vilima

Wanaoujua mji wa Bukavu huufananisha na mkono wa kijani uliochovywa katika Ziwa Kivu, rasi zake tano zikiwa vidole. Nahodha wa boti ya mbao anayepeleka mizigo kisiwani Idjwi anajua jambo moja zaidi: vidole hivyo haviishii pale vinapozama. Volkano za Virunga zilipoziba njia ya maji upande wa kaskazini, ziwa lilipanda likafunika mabonde ya kale. Vilele vikabaki visiwa, migongo ya vilima ikawa rasi, na migongo mingine, iliyopungukiwa kimo kidogo tu, ikabaki mita moja au mbili chini ya maji, inawasubiri wenye haraka.

Kwa hiyo anapoikaribia ghuba asiyoijua, kwenye ukingo wa magharibi wa Idjwi, macho yake hayako majini kwanza. Ameketi tezi, mkono juu ya moteri, anatazama vilima. Mlima unaoshuka wima mpaka ziwani haumtishi. Chini yake maji ni marefu, unaweza kupita karibu hata ukachuma jani. Anaouogopa ni mgongo unaoteremka polepole, wenye mawe yanayochomoza katikati ya migomba. Mawe hayo yanaendelea na safari yao chini ya maji. Na kikiwepo kisiwa kidogo mbele ya rasi, hapiti katikati mpaka apate mwenyeji wa kumwuliza.

Kisha jua. Siku niliyosafiri naye tulifika nje ya ghuba kama hiyo saa nne asubuhi, naye akazima moteri. Anayeelekea mashariki saa hiyo anamulikwa usoni, na maji yanang'aa tu bila kuonyesha chochote. Alasiri jua lingekuwa mgongoni, lakini upepo wa mchana ungekuwa umeshayavuruga maji. Akatoa muhogo wake, akala bila haraka.

"Papa, soko litafungwa," alilalamika mama mmoja aliyekalia magunia yake.

"Litafunguliwa tena, mama."

Saa sita na nusu, jua likiwa utosini, aliwasha moteri kwa mwendo wa chini kabisa. Kijana wake alisimama omo na upondo. Hapigi kelele, maana mlio wa moteri humeza maneno. Anasema kwa mkono. Kulia. Kushoto. Kiganja wazi: simama. Maji ya Kivu ni maangavu, na wawili hao waliyasoma kwa rangi: buluu iliyokolea karibu na weusi, halafu kijani, halafu ile rangi ya kahawia yenye umanjano ambayo hakuna nahodha anayeipenda. Mawe mengi ya ukingoni yana utando mweupe wa chokaa, kwa hiyo jiwe lililo karibu na uso wa maji hujifichua kwa weupe hafifu. Viwimbi navyo husema. Vikienda pamoja kisha mahali pamoja vikakatika, pana kitu chini.

Niliuliza kwa nini hapimi kina kwa kamba. Kamba anayo, ila haitegemei hapa. Ziwa hili, ambalo upande wa kaskazini lina kina cha zaidi ya mita 480, lina kingo za ghafla mno: kamba haigusi chini, boti inasogea urefu wake mmoja tu, na omo tayari iko juu ya mwamba.

Kiganja kikafunguka. Nahodha hakurudi nyuma kwa nguvu, jambo ambalo mimi ningelifanya mara moja. Alikata moteri, akaiinamisha mpaka mapanga yakatoka majini, akaiacha boti iteleze. Kijana akauegemea upondo taratibu, bila kuuchoma. Upande wa kushoto, kiasi cha mkono mmoja, mgongo wa mwamba ukapita: mpana, mrefu kuliko boti yetu. Walishika makafi, wakasogea kulia zaidi ya ilivyohitajika. Hapo nahodha akatafuta alama mbili mbele: mkaratusi uliosimama peke yake juu kilimani, na paa la mabati chini yake. Vilipokaa kimoja juu ya kingine, akaifuata njia hiyo mpaka ufukoni. Mti ukihamia kulia kwa paa, boti nayo imehamia kulia. Kesho akitoka, alama hizo hizo atakuwa nazo nyuma yake.

Ufukoni wavuvi wa sambaza walikuwa wakishona nyavu kando ya mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti ya mikaratusi. Maji ya Kivu hayapwi na kujaa kila siku kama bahari ya Mombasa, ila hupanda na kushuka kwa misimu. Nahodha hakuuliza kama kuna mawe. Aliuliza kwa Kihavu: "Mwezi wa nane, lile jiwe mnaliona?"

"Mwezi wa nane mnandi hutua juu yake," alijibu mzee mmoja. "Lakini hilo ulilopita ni dogo. Kubwa liko kaskazini kidogo."

Nahodha akamwomba apande boti akamwonyeshe, kabla hata gunia la kwanza halijashushwa.